Timu iliyovuta mkia ikawa bingwa mwaka huohuo: msimu wa NRLW 2022, nielezeni

mwalimu_wa_winga (Kakamega)

Hamjambo wapenzi wa raga.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule moja ya wasichana huku Kakamega, na ndimi ninayesimamia timu yetu ya raga ya wachezaji saba. Muhula uliopita tulicheza mechi nne za kaunti ndogo, tukapoteza zote nne. Katika moja tulifungwa trai saba (yaani mpira kuwekwa chini nyuma ya mstari wetu) bila jibu. Niliporudi na wasichana kwenye basi hakuna aliyeimba, na wale wanaimba hata wakienda kupimwa macho.

Jumamosi ya wazazi kutembelea, nahodha wangu alinijia na simu ya mamake. Kulikuwa na video fupi ya wanawake wenye jezi za nyekundu na buluu wakiinua kombe, timu ya Newcastle Knights ya NRLW, ligi kuu ya raga ya wanawake ya Australia, mwaka 2022. Maelezo yalisema timu hiyo ilivuta mkia mwaka huohuo bila kushinda mechi hata moja. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ni kweli ama ni ya kututia moyo tu?"

Sikumjibu. Sipendi kumwambia mtoto kitu ambacho sijakihakikisha. Usiku nikatafuta jedwali la msimu ule na sasa nimechanganyikiwa zaidi. Timu zilikuwa sita. Roosters walishinda mechi tano kati ya tano. Knights nne. Dragons tatu. Halafu Eels, Broncos na Titans, kila mmoja ameshinda moja pekee. Lakini fainali ni Knights dhidi ya Eels! Roosters walienda wapi? Na timu iliyoshinda mechi moja inafikaje fainali?

Na swali lenyewe hasa ni hili: timu inatokaje sufuri hadi taji ndani ya mwaka mmoja? Nataka kujua walifanya nini. Nikiwaambia wasichana wangu "jikazeni tu" watajua ninawadanganya, kwa sababu walijikaza.

---

kibendera_zamani (Nairobi)

Mwalimu, salamu. Nilikuwa mshika kibendera kwa miaka kadhaa, kwa hiyo hesabu za jedwali niachie mimi.

Kwanza, ule si mchezo tunaoucheza sisi. NRLW ni raga ya wachezaji 13 kila upande. Ukiangushwa na mpira, hakuna raki, yaani lile kundi la kugombania mpira ulio chini. Unasimama, unaurudisha nyuma kwa mguu, mwenzako anauokota, mnaendelea. Wapinzani wanarudi mita 10. Mnaruhusiwa kuangushwa mara sita, basi, mpira unakwenda upande wa pili. Ndiyo maana ukitazama utaona timu ikishaangushwa mara ya tano karibu kila mara inapiga teke. Mipira ya kurushwa kutoka pembeni haipo, na skramu ipo kwa jina zaidi kuliko kusukumana. Trai ni pointi 4, mkwaju wa baada yake ni 2.

Sasa jedwali. Timu sita, kila moja ilikutana na nyingine mara moja, kwa hiyo ni mechi tano tu. Nne za juu zinaingia nusu-fainali: wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu. Eels, Broncos na Titans walilingana kwa ushindi mmoja mmoja, ikabidi itazamwe tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa, na Eels wakachukua nafasi ya nne. Wakakutana na Roosters, ambao hawakuwa wamepoteza mechi hata moja na ndio waliokuwa mabingwa watetezi. Wakawalaza 24-10. Knights nao wakawacharaza Dragons 30-6. Hiyo ndiyo fainali yako.

Roosters walipoteza mara moja tu msimu mzima, na ni siku ile. Ni uchungu, lakini ndiyo sheria ya mtoano.

---

mama_mayfield (Newcastle, Australia)

Mwalimu wa winga, nimesoma swali lako asubuhi nikitoka zamu ya usiku, na nimeshindwa kulala kabla sijakujibu. Mimi ni mtu wa Nakuru. Naishi Newcastle, hii ya Australia, mtaa wa Mayfield, na ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Misimu yote miwili ya mwaka ule niliiona, mechi nyingine nikiwa uwanjani, nyingine kwenye runinga ya kazini. Kwa hiyo mwambie nahodha wako: ni kweli. Nilikuwepo.

Lakini kuna jambo ambalo ile video haikusema. Mwaka 2022 ulikuwa na misimu miwili ya ligi ya wanawake, na ya kwanza yao iliitwa msimu wa 2021. Korona ilifunga mambo, msimu ukaahirishwa, ukachezwa kati ya Februari na Aprili 2022. Kisha msimu wa 2022 wenyewe ukaanza Agosti. Kwa hiyo Knights walivuta mkia katika msimu ulioisha Aprili, wakabeba kombe tarehe 2 Oktoba. Ni kama miezi sita. Si uongo kusema mwaka mmoja, ila ni vizuri wasichana wajue.

Ile mechi ya kwanza ya Februari nilienda na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa. Tulishuka Broadmeadow tukatembea. Ilikuwa mechi ya kwanza kabisa katika historia ya timu ya wanawake ya Knights, na wapinzani walikuwa ni haohao Parramatta Eels, nao pia wakicheza kwa mara ya kwanza. Elewa hapo: ligi ilianza 2018 na timu nne tu. Knights, Eels na Titans waliongezwa katika msimu huo ulioahirishwa, huku Warriors wa New Zealand wakijitoa kwa sababu ya mipaka kufungwa. Kabla ya hapo, msichana wa Newcastle mwenye kipaji hakuwa na timu ya kwao katika ligi kuu. Alienda Sydney au Brisbane, ama alibaki nyumbani akicheza ligi ya mtaa.

Tulipoteza siku hiyo. Tukapoteza na zilizofuata, zote tano. Na nitakwambia nilichokiona pale uwanjani, kwa sababu ndicho ulichouliza. Wale wasichana hawakuwa wabovu. Walikuwa wanakaba vizuri sana, mtu na mtu. Walichokosa ni kujuana. Fulbeki, yule mlinzi wa nyuma kabisa, anapiga kelele, winga hajui kama anaitwa yeye. Mpira unatupwa mahali ambapo mwenzake alitakiwa awepo, na hayupo. Hiyo ilikuwa timu iliyokusanywa mwanzoni, katika mji uliokuwa umefungua mlango juzi, ikapewa mechi tano za kujifunza mbele ya kamera. Ukihesabu, katika mechi tano mtu anapata nafasi ya kukosea mara ngapi?

Baada ya Aprili ndipo mambo yalipobadilika. Wakati ule wachezaji wa NRLW walikuwa wanatia saini mikataba ya msimu mmoja. Msimu ukiisha, karibu kila mtu yuko huru. Akaja kocha mpya, Ronald Griffiths. Kutoka Brisbane Broncos wakaja wawili wakubwa: Millie Boyle, mchezaji wa mbele ambaye alikuwa ametoka tu kugawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi na Emma Tonegato, na Tamika Upton, fulbeki. Kutoka Roosters akarudi Hannah Southwell, msichana wa huku kwetu. Na mdogo wake, Jesse Southwell, akapewa jezi nambari 7. Alikuwa na umri wa miaka 17.

Mwalimu, kumi na saba! Wewe unafundisha wa umri huo. Jezi nambari 7 katika raga ya 13 ndiyo inayoamua timu iende wapi: ndiye anayepiga teke baada ya kuangushwa mara ya tano, ndiye anayemwambia propu, mchezaji wa mbele, mwenye miaka thelathini "njoo huku". Nilimtazama yule mtoto akimnyooshea kidole Boyle aje upande wa kulia, na Boyle akaja mbio bila kuuliza. Binti yangu alinishika mkono akasema, "Mama, umeona amemwamuru?"

Sasa fainali. Ilikuwa Jumapili, na usiku wake saa zilikuwa zimesogezwa mbele kwa ajili ya kiangazi, kwa hiyo nilikwenda kazini nikiwa nimelala saa moja pungufu. Nilikuwa zamu ya mchana. Mechi ilichezwa alasiri Sydney, uwanja wa Accor, kabla ya fainali ya wanaume. Pale kazini kuna mzee mmoja aliyekuwa mchimba makaa ya mawe maisha yake yote. Mji huu ni wa makaa ya mawe. Meli za kuyabeba unaziona zimepanga foleni baharini. Mzee huyo habari yake ni moja tu: fainali ya wanaume ya 1997, Knights walipoipiga Manly 22-16 kwa trai ya dakika ya mwisho ya Darren Albert. Anaisimulia kila wiki. Baada ya hapo walishinda tena 2001, kisha miaka 21 hakuna kitu. Miaka ishirini na mmoja mji mzima unasubiri.

Tuliwakusanya wazee sebuleni. Kusema kweli wengine hawakujua kwamba Knights wana timu ya wanawake. Nilikuwa nawapa chai na dawa huku jicho moja liko kwenye runinga. Knights 32, Eels 12. Upton alichukua medali ya Karyn Murphy, ya mchezaji bora wa fainali. Yule mzee wa makaa alilia. Niliketi kando yake nikamfuta, akasema hakutarajia kuliona kombe tena kabla hajaondoka. Wiki iliyofuata aliposimulia ya 1997 aliongeza mambo ya "wale wasichana", na tangu siku hiyo alisimulia zote mbili kwa pamoja mpaka alipofariki.

Parramatta, maskini, walipoteza mara mbili siku moja. Baada ya wanawake wao, wanaume wao wakaingia uwanja huohuo wakafungwa na Penrith 28-12.

Nimeandika mengi. Nitalala kidogo kisha nirudi nikueleze ninachofikiri kuhusu wasichana wako, kwa sababu nadhani kuna kitu unachoweza kukifanya.

---

bandari_17 (Mombasa)

Dada wa Mayfield, hadithi nzuri na pole kwa mzee. Lakini tuseme mambo yalivyo. Broncos walikuwa mabingwa 2018, 2019 na 2020. Ukichukua wachezaji wawili bora wa timu kama hiyo, ukaongeza mwingine kutoka Roosters, utashinda. Hiyo ni kununua kombe. Na ona Broncos walivyoishia msimu ule: ushindi mmoja. Mwalimu huyu atamnunua nani huko Kakamega? Wanafunzi ni walewale mpaka wamalize kidato cha nne. Naona mfano huu haumfai.

---

mama_mayfield (Newcastle, Australia)

Kaka wa bandari, sikukatai yote. Broncos waliumia, hilo ni kweli, na mashabiki wao walikuwa na haki ya kununa. Ligi yenye mikataba ya msimu mmoja ni ligi ambayo timu inaweza kuvunjwa kila msimu ukiisha. Si haki kwa mchezaji pia: unahamia mji mwingine, unatafuta nyumba, unaomba ruhusa kwa mwajiri wako, maana wengi wao walikuwa na kazi nyingine za kuwalisha, na baada ya wiki saba huna uhakika wa chochote. Ndiyo maana nilifurahi sana 2023 walipopata makubaliano yao ya kwanza ya pamoja na ligi. Mikataba ya miaka zaidi ya mmoja ikaruhusiwa, kima cha chini cha malipo ya msimu kikawekwa dola 30,000 za Australia, na ikaandikwa mchezaji akipata mimba atatunzwa vipi. Mimi ni mama, hilo la mwisho nililisoma mara mbili.

Lakini "kununua kombe" nakataa, na sababu zangu ni hizi.

Millie Boyle aliondoka baada ya 2022, akaenda Roosters. Mwaka uliofuata ligi ilikua ikawa na timu kumi na mechi tisa kabla ya mtoano, kwa hiyo hakuna tena wa kusema ni bahati ya wiki tano. Knights walishinda tena. Fainali ilikuwa 24-18 dhidi ya Gold Coast Titans, na medali ikaenda kwa Upton mara ya pili mfululizo. Na Titans ni nani? Ni wale walioshinda mechi moja tu mwaka 2022 na kukosa nusu-fainali. Kwa hiyo kupanda kwa ghafla hakukuwa kwa Knights peke yao.

Na sababu ya pili ndiyo ninayoijali zaidi. Hannah Southwell hakununuliwa, alirudi nyumbani. Jesse hakutoka kokote, alikuwa hapahapa anakwenda shule. Wasichana wa bonde hili la mto Hunter wamekuwa wakicheza raga ya 13 tangu zamani, na kwa miaka mitatu ya mwanzo ya ligi vipaji vyao viliwafaa watu wa Sydney na Brisbane kwa sababu huku hakukuwa na mlango. Mlango ulipofunguliwa haikuwezekana wote warudi siku ya kwanza. Walirudi msimu wa pili. Ile nafasi ya mwisho kwenye jedwali la msimu wa kwanza ilipima timu iliyoundwa haraka. Haikuwapima wasichana wa Newcastle.

Mwalimu, hapo ndipo unaponihusu. Wewe huwezi kusajili, sawa. Lakini nikuulize: shuleni kwako kuna wasichana wangapi? Timu yako ya mpira wa mikono ikoje? Nilisoma shule ya bweni, nakumbuka kila shule ilikuwa na yule msichana wa mpira wa mikono ambaye akirusha, golikipa anafunga macho. Kuna wa mbio za mita 400. Kuna yule anayebeba ndoo mbili za maji kutoka kisimani bila kumwaga. Wako wangapi ambao hawajawahi kuulizwa kama wanataka raga, ama waliulizwa na mwalimu wa mpira wa mikono akawakataza?

Emma Tonegato, yule aliyegawana tuzo na Boyle, alikuwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Rio 2016 katika raga ya saba. Lionesses wetu, timu ya wanawake ya Kenya ya raga ya saba, walikuwepo Rio mwaka huohuo, unakumbuka. Boyle mwenyewe aliwahi kuichezea Australia raga ya wachezaji 15. Katika ligi ile wachezaji bora walitoka kwenye michezo mingine wakapokelewa. Kwa hiyo usajili wako wewe upo ndani ya ua la shule.

---

kibendera_zamani (Nairobi)

Naunga mkono hili la mama. Na niongeze la kiufundi. Mwalimu, huhitaji kubadili mchezo wenu, lakini zile kanuni za kuangushwa mara sita ni zoezi zuri mno kwa timu changa. Gawa wasichana makundi mawili, mpira ubaki kwa upande mmoja mpaka waguswe mara sita, wanaolinda warudi hatua kumi kila mara. Wanaolinda wanajifunza kusimama mstari mmoja na kuongea. Wenye mpira wanajifunza kwamba mara ya nne na ya tano lazima wawe tayari wamekubaliana. Uliposema trai saba bila jibu nilijua tatizo liko kwenye mstari wa ulinzi. Je, walipitwa kati ama pembeni?

---

mwalimu_wa_winga (Kakamega)

Asanteni sana, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Nimesoma maneno ya mama_mayfield mara tatu, na ile sehemu ya mzee nimemsomea mume wangu.

Kibendera, walipitwa pembeni. Sita kati ya saba. Winga wangu wa kushoto anaingia ndani kusaidia kila anapoona mwenzake anapambana, halafu nyuma yake kunabaki uwanja mtupu. Nimemkemea kwa hilo mara nyingi, lakini sasa nafikiri anaingia kwa sababu hakuna anayemwambia abaki. Hakuna anayeongea. Kama ulivyosema mama: hawajuani. Nilikuwa na wasichana wanne wa kidato cha pili waliojiunga wiki mbili tu kabla ya michezo.

Kuhusu mpira wa mikono, umenigusa pahali. Mwalimu mwenzangu anayesimamia mchezo huo ana wasichana kumi na sita, na kwa kweli kuna mmoja, mrefu, wa kidato cha tatu, ambaye nimemtamani tangu alipoingia shule. Sikuwahi kumwomba kwa kuogopa kuleta ugomvi ofisini. Michezo yetu ni ya mihula tofauti, kwa hiyo hakuna sababu ya kugombana. Kesho wakati wa chai nitaongea naye.

Bandari_17, nashukuru kwa kupinga. Nitawaambia wasichana na hilo pia, kwamba Knights waliletewa wachezaji wakubwa kutoka nje. Wakijua yote wataniamini.

Swali moja la mwisho kwa mama: binti yako bado anacheza?

---

mama_mayfield (Newcastle, Australia)

Anacheza. Alianza mwaka uleule, mwanzoni ile ya watoto ya kuvuta vitambaa vilivyobandikwa kiunoni, hakuna kuangushana. Sasa ameingia ya kuangushana na mimi hukaa kando ya uwanja nimeshika thermosi ya chai, roho mkononi. Amechagua kuwa fulbeki kwa ajili ya Upton. Upton alipoondoka Newcastle kurudi Brisbane, mtoto alinuna siku mbili, kisha akasema ataendelea kumshangilia lakini si siku ya kucheza na sisi.

Na ligi yenyewe imekua. Mwaka 2025 zilifika timu kumi na mbili, Bulldogs wameingia na Warriors wamerudi, mechi kumi na moja kabla ya mtoano. Mwaka huo Roosters tena hawakufungwa na mtu, safari hii mpaka fainali, na tena wakaangushwa, na Broncos, 22-18. Kaka wa bandari, kwa hiyo usiwahurumie Broncos sana.

Mwalimu, ukishaongea na huyo mwenzako wa mpira wa mikono, rudi utuambie amesemaje.

---

mwalimu_wa_winga (Kakamega)

Amekubali. Ametoa masharti mawili: wasiumie vidole kabla ya muhula wa mpira wa mikono, na yeye awe anakuja mazoezini kuwatazama. Nimemwambia aje na filimbi yake.

Alhamisi tulifanya zoezi la mara sita. Yule mrefu alikuja na wenzake wawili. Nilimweka nyuma kabisa, nikamwambia kazi yake leo si kukimbia, ni kupiga kelele tu: amwambie winga wa kushoto "kaa" ama "ingia". Mwanzo alinong'ona. Kufikia jioni walikuwa wanamsikia hadi jikoni, mpishi akatoka kuangalia kuna nini. Winga alikaa pembeni mara nane kati ya kumi, nilihesabu.

Nahodha amenakili yale matokeo ya Knights ya mwaka 2022 kwenye karatasi ya grafu, misimu yote miwili, ule wa sufuri juu na ule wa kombe chini, akaibandika ndani ya mlango wa stoo ya mipira. Mechi ya kirafiki tumepata Jumamosi ijayo, ugenini, saa nne asubuhi.